Waliochimba Golini

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kufundisha mazoezi ya viungo katika timu ya mtaa. Jina lake Sikudhani. Msimu ule wachezaji watatu waliumia goti hadi kubebwa, wote mbele ya goli moja, wala hakuna aliyekuwa ameguswa na mtu.

Sikudhani aliwatazama wakiruka, akaona kosa. Walitua miguu imekakamaa, kisha goti likaingia ndani, kwa kuwa mapaja na nyonga hazikuwa na nguvu ya kulishikilia. Akaomba robo saa kila siku ya mazoezi: kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa taratibu, kujifunza kutua. Vijana walicheka. Wakasema hayo ni mazoezi ya wajawazito.

Aliyemtia hofu zaidi ni Chande, mshambuliaji. Goti lake liliingia ndani kuliko la yeyote, na timu kubwa ya mkoani ilikuwa inakuja kumtazama Jumamosi, pengine imchukue. Chande naye aliogopa. Akakubali kuanza mazoezi Jumatano.

Lakini wazee wa timu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba wapinzani wamefukia kitu pale golini. Jumatano Chande, kwa kuwa ana nguvu, akapewa jembe. Walichimba siku tatu. Walipata kijiko, mfupa wa mbuzi na kitambaa chekundu, wakashangilia kitambaa. Sikudhani akaja, akasimama kando ya shimo.

“Wazee wangu, mmechimba siku tatu. Mimi niliwaomba robo saa.”

Wao walikuwa wanalifukia shimo.

Jumamosi Chande aliruka kuwapita mabeki wote, akapiga kichwa, mpira ukaingia. Akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akaanguka akipiga kelele. Ilikuwa kwenye goli la upande wa pili, ambako hakuna aliyechimba. Wageni wa mkoani waliondoka kabla ya mapumziko. Chande hakucheza tena.

Nimechoka kusimulia haya, maana kilichofuata mnakijua kabla sijakisema. Jumatatu wazee walikubaliana kwamba wapinzani wamefukia kitu kwenye magoli yote mawili. Wakaazima majembe.

Ndugu zangu, tutachimba uwanja mpaka lini, na kinachotuangusha kimo miguuni mwetu?