Begi la Kuazima

Wewe unayefungasha mzigo wiki hii, iache kwanza hiyo zipu, usome hii. Nami nililetewa na mtu, naye aliletewa.

Kulikuwa na mjane mmoja wa Usangi, kule juu milimani Upareni, akiitwa Mama Naetwe. Bintiye Naetwe aliolewa Kanada, mji wa Toronto. Mimba yake ya kwanza iliharibika kulekule kwenye baridi, akalia peke yake, na mama yake akabaki kumsikia kwenye simu tu. Siku ile mama alijiapia: "Mwanangu akishika tena, nitakuwepo. Hata kwa miguu."

Mungu si Athumani, ya pili ikashika na ikakua. Mkwewe, Herieli, akatuma tiketi. Ndege mbili, na katikati uwanja mkubwa wa Uarabuni wa kubadilishia.

Begi hakuwa nalo. Akaenda kuazima kwa jirani yake Bi Tatu, muuza vitenge. Bi Tatu huyu alikwenda Guangzhou, kule China, mara moja, miaka sita iliyopita, na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Begi lake lilikuwa bado na kibandiko cha safari ile, kimegandishwa ubavuni, kina mistari myeusi myeusi.

"Chukua," akasema Bi Tatu, "ila kibandiko usikibandue. Watu watajuaje kwamba begi limepanda ndege?"

Mama Naetwe hakukibandua. Cha mtu ni cha mtu.

Sasa, safari ya Ulaya au Kanada haifichiki kijijini. Kabla ya juma kwisha, vifurushi vinne vya watoto wa watu walioko Toronto vilikuwa vimeingia mlangoni. Huyu ana iliki na majani ya chai ya bintiye, yule ana kitenge, wa tatu ana unga wa muhogo. Wa nne alikuwa mjane wa Mzee Mrutu, ameleta picha ya marehemu ndani ya fremu ya kioo, ameifunga kwa kanga yake mwenyewe.

"Mpe Elisante," akasema. "Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, hakuweza kuja kumzika baba yake. Basi angalau amwone ukutani."

Siku ya safari, shemeji yake Mzee Mchome akamsindikiza mpaka uwanjani. Begi likapanda kwenye mizani: kilo thelathini na moja. Ruhusa ni ishirini na tatu.

"Si nilikwambia?" shemeji akafoka. "Toa vya watu! Wewe unakwenda kumwuguza mwanao, au umeajiriwa posta?"

"Vya watu ni amana, shemeji. Hebu shika hivi."

Akaanza kutoa vyake. Unga wa uji wa mzazi, kanga doti tatu, sweta, viatu vya baridi. Foleni nyuma ikaguna. Mizani ilipokubali, ndani ya begi lile hakikubaki chake hata leso. Mfanyakazi, naye amechoshwa na kelele za foleni, akafunga lebo mpya kwenye mpini. Kile kibandiko cha ubavuni hakukiona. Akamkabidhi kijikaratasi: "Kitunze, mama. Begi utalikuta Toronto."

Kule Uarabuni, abiria wenzake walikimbilia mageti yao. Yeye akaanza kulitafuta begi. Hakuamini hata chembe kwamba mzigo unaweza kusafiri bila mwenyewe kuufuata. Amezoea basi la Dar es Salaam: kila kituo unatoa kichwa dirishani kuangalia kama mzigo wako hautelemshwi na mtu.

Dada mmoja wa usafi, mzaliwa wa Kilifi, akamwona anahangaika. Akachukua tiketi yake, akaisoma.

"Mama, unatafuta nini huku? Zimebaki dakika arobaini, na geti lako liko kule mwisho!"

"Begi langu, mwanangu."

"Begi linajua njia kuliko wewe. Twende!" Akamshika mkono, wakaenda mbiombio, mpaka mlangoni.

Basi, begi lilikuwa linajua njia. Njia gani, sasa, hilo ndilo suala.

Toronto, mchana, Mama Naetwe alisimama mbele ya mkanda wa mizigo mpaka ukabaki unazunguka mtupu. Akapelekwa kaunta. Akatoa kile kijikaratasi, mhudumu akabonyeza bonyeza kompyuta, akakunja uso. Katika Kiingereza chote alichozungumza mhudumu yule, Mama Naetwe alidaka neno moja tu, maana alikuwa amelisikia kila siku kwa miaka sita.

Guangzhou.

"Mungu wangu! Kibandiko!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kule kwenye kubadilisha ndege, mashine ilisoma kibandiko cha zamani ikalituma begi China. Likipatikana, mhudumu akamwonyesha kwa ishara, litaletwa.

Akatoka nje mikono mitupu. Herieli hakumwona. Aliowaona ni watu wanne, wameinua kipande cha boksi kilichoandikwa: MAMA NAETWE, USANGI.

Akawatambua papo hapo, ingawa hakuwahi kuwaona. Ni wenye vifurushi. Unajua sisi tulivyo, mtu akitoka nyumbani na kitu chako hungoji akuletee, unakwenda kumpokea.

Aibu ikamshika. Akajibanza nyuma ya nguzo. "Nikipita upande ule," akawaza, "nikakaa kwenye benchi mpaka Herieli aje, nani atanijua?" Akapiga hatua mbili kuelekea upande ule. Hapo akaikumbuka kanga ya mjane wa Mrutu, jinsi alivyoifunga kwa fundo mara mbili. Akasimama. Kama ameshindwa kufikisha mzigo, basi afikishe ukweli.

Akageuka, akawaendea.

"Ni mimi. Wanangu, nisameheni. Mizigo yenu imepotea. Yote."

Wakamtazama. "Hata iliki ya mama?" akauliza dada mmoja.

"Hata iliki."

"Na vyako je, mama?" akauliza kijana mrefu. Huyu ndiye Elisante.

"Vyangu vimebaki kwa shemeji. Mizani ilikataa, nikatoa vyangu ili vyenu vipite."

Wakatazamana. Elisante akainamisha kichwa, kisha akauliza polepole: "Mama, siku ya maziko ya baba ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba. Mimi ndiye niliyesonga ugali wa waombolezaji. Na kaburini nilitupia udongo konzi mbili. Moja yangu, ya pili yako. Mama yako ndiye aliyenituma."

Kijana wa watu akalia palepale, mbele za watu, bila kujificha. Alipojifuta akasema, "Basi mimi mzigo wangu umefika. Herieli yuko wapi?"

Akampigia mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu Herieli akapokea anahema. Uchungu ulikuwa umemshika Naetwe tangu alfajiri, wiki mbili kabla ya siku zake. Hakuweza kumwacha. Simu ya mama ilikuwa na laini ya nyumbani, haikushika mtandao, na ujumbe wote ulikuwa umegonga mwamba. Na Naetwe alikuwa analia neno moja: mama.

"Hospitali ni mwendo wa saa nzima," Elisante akasema. "Twendeni!"

Nje theluji ilikuwa inaanguka, na Mama Naetwe amevaa kandambili na gauni la kitenge. Elisante akavua koti akamvisha. Dada wa iliki akamfunga skafu. Mwingine akampa glavu, na wa nne akavua buti zake, akakaa ndani ya gari na soksi mpaka hospitali.

Fikiria angekwenda kukaa kwenye benchi lile.

Naetwe alipouona uso wa mama yake mlangoni, alimshika mkono kwa nguvu, asiuachie. Nusu saa baadaye alizaliwa mtoto wa kike, mzima, analia kama abiria anayedai mzigo wake.

"Mama," Naetwe akasema kwa sauti ya uchovu, "umeniletea nini?"

"Mwanangu, sina hata leso. Nimekuletea watu wanne. Wako koridoni."

Begi lilifika siku ya sita, kioo cha picha hakina hata ufa. Mama Naetwe akampigia Bi Tatu.

"Begi lako limekwenda Guangzhou bila sisi."

"Wee! Kumbe limekumbuka njia!" Bi Tatu akapiga kigelegele, na mpaka leo anaihesabu hiyo kuwa safari yake ya pili. Lakini safari hii yeye mwenyewe alisema: kibandue. Mama Naetwe akachukua maji ya moto na kijiko, akakikwangua chote.

Funzo: Beba amana ya mwenzako kwa moyo safi, na ikikupotea mkabili umwambie ukweli; mzigo unaweza kupotea njia, lakini uaminifu wako utakutangulia kufika, nao ndio utakaokupokea.