Sekibaha na Shamba la Maboga Lililobaki Uchi

Hapo kale, watoto, kale ya kale, zamani zile jogoo alikuwa bado anaomba ruhusa ndipo awike. Sogeeni. Wewe mwenye kamasi, futa kwanza. Kisa changu hakisikilizwi kwa pua iliyoziba.

Palikuwa na mtu akiitwa Sekibaha. Mikono alikuwa nayo miwili kama nyinyi, lakini mdomo wake ungetosha watu saba. Kila jambo alilijua yeye. Mkewe Nakijwa akisonga ugali, Sekibaha yupo: "Si hivyo, zungusha huku." Akifagia: "Si hivyo, inama zaidi." Siku moja mwanamke wa watu akapiga chafya, bwana akasema, "Si hivyo, ungeanzia chini." Nakijwa akaweka mwiko, akajitwika kikapu, akarudi kwa mama yake. Ningekuwa mimi, ningeondoka na mwiko.

Sekibaha akamfuata kwenda kuomba radhi. Sasa mjue, enzi hizo mwanamume na mama mkwe wake hawakusemeshana uso kwa uso, ilikuwa aibu. Maneno yalipitishwa kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana, kwa chochote kilichokuwapo. Basi mama mkwe akamgeukia kuku wake.

"Kuku, mwambie huyo aliyesimama hapo: mwanangu atarudi siku nitakapoona boga la kutosha mimi kulikalia. Liwe la shamba lake. Maneno yake sitaki, nimeyasikia."

Sekibaha akatupa jicho upande, haraka. Mama mkwe hakuwa mwembamba.

"Kuku," akajibu kwa unyonge, "mwambie mama nimeelewa."

Kuku akanya. Wakahesabu amefikisha.

Sekibaha akalima, akapanda. Mvua ikanyesha, maboga yakatambaa. Yakatambaa, yakatambaa, mpaka yakafika njiani. Na majani ya kando ya njia, watoto, yalikuwa ya yeyote mwenye chungu. Ndiyo maana kizee mmoja jirani, Bibi Mazala, alikuwa akipita kila baada ya siku chache, anakata ncha moja hapa, majani mawili pale, anakwenda kupika.

Siku moja Sekibaha akaona ajabu. Tuta la njiani, lile alilokuwa akichuma Bibi Mazala, lilikuwa limechipua matawi mengi na maua kuliko yote. Akashika kiuno. Akatikisa kichwa. Akapata akili, na akili ikimpata mtu wa namna ile, majirani wahame.

"Kumbe majani ni walaji!" akasema. "Yanakaa juu, yanakula, boga linalala njaa chini. Kuanzia leo yatoke!"

"We baba," Bibi Mazala akamwita kutoka njiani, "mimi nachuma kidogo tu, tena machanga."

"Ndiyo kosa lako, bibi! Ukichuma kidogo unapata kidogo. Mimi nachuma yote, nipate yote!"

"Na boga litakula kwa mdomo gani?"

"Si hivyo, bibi, wewe huelewi."

Akaingia shambani. Jani hili, chwap! Jani lile, chwap! Semeni na mimi: chwap! Kubwa, chwap! Dogo, chwap! Mpaka jua linashuka shamba lote lilikuwa kamba tupu, na viboga kama ngumi vimetoa macho. Tuta moja tu lilipona, lile la njiani, kwa kuwa Bibi Mazala alikaa mbele yake, panga lake la mboga mapajani.

Kesho yake jua likatoka. Viboga vikaanza kukunjamana kama uso wangu. Sekibaha akakimbilia lile rundo la majani, akaanza kuyarudishia moja moja, anayafunga kwa kamba za mgomba! Wapita njia wakasimama.

"Sekibaha, unafanya nini?"

"Navisha."

"Si jana ulikuwa unavua?"

"Si hivyo, nyinyi hamuelewi."

Majani yakakauka na kamba zake. Viboga vikafa, kimoja leo, viwili kesho. Mwezi ukaandama, ukaisha, akabaki na kimoja, kikubwa kama goti la mbuzi. Hicho akakipenda kama mtoto. Kila adhuhuri, jua likichoma, anavua shuka lake, shuka moja alilokuwa nalo, anakifunika. Yeye anakaa pembeni kama alivyozaliwa, anakipepea.

Usicheke bado. Cheka sasa, kwa maana ndiyo adhuhuri aliyokuja mama mkwe, na Nakijwa nyuma yake.

Sekibaha akaona kilemba kinapanda mlima. Shuka liko mbali. Akatafuta pa kujificha. Kulia, kamba tupu. Kushoto, kamba tupu. Shamba zima hapana jani la kufunika hata kidole! Akatimua mbio mpaka tuta la Bibi Mazala, akajitupa ndani ya yale majani, puu! akagonga kichwa kwenye kitu kigumu.

Akapapasa. Kitu kinaendelea. Akapapasa tena. Kitu hakiishi.

Lilikuwa boga. Limejilalia kivulini miezi yote, limenona, halina habari na mtu.

Mama mkwe akasimama juu yake, uso ameugeuzia mlimani. Kuku hakuwapo.

"Boga," akasema, "mwambie huyo aliye nyuma yako asitoke."

"Boga," ikajibu sauti kutoka majanini, "mwambie mama sitoki."

Mama mkwe akaketi. Boga halikulia hata kwii. Akajiegemeza, akajinyoosha, akashukuru kwa kuwa alikuwa amechoka na mlima. Sekibaha chini, siafu wanamtembelea, kimya. Alinyamaza kutoka adhuhuri hadi alasiri, jambo ambalo halijapata kutokea.

Nakijwa ndiye aliyemtupia shuka. "Narudi," akasema. "Si kwa sababu ya boga. Nimeona kumbe unaweza kunyamaza."

Boga wakalipika, nusu akapelekewa Bibi Mazala. Na tangu siku hiyo Sekibaha akifungua kinywa aseme "Si hivyo", Nakijwa anamwonyesha jani moja la boga. Kinywa kinafungwa.

Basi shikeni hili: mkitaka mboga, chumeni kidogo na muuachie mmea majani yake, nao una tumbo. Na mtu akikwambia "kidogo", usidhani amesahau kumalizia.

Kisa changu kimefika mlangoni, kimevua viatu, kimelala. Aliyesinzia asiamshwe, aliyecheka sana ndiye atakayeosha chungu.