Punda Watatu Waliobaki Kivukoni

Sogeeni, miguu ndani, midomo ifungwe. Hapo zamani, zamani hasa, bibi yangu mimi hajaota jino, palikuwa na kijiji cha nyumba sita. Nyumba sita, punda sita. Kila kiangazi punda sita walibeba mtama kwenda nchi ya chumvi, na mtama ukabadilishwa kwa chumvi.

Hapo aliishi Kwandu, mjane wa watu. Binti yake Limi alikuwa amechumbiwa, na kwa desturi yao bibi harusi haingii kwa mumewe bila chungu cha chumvi kilichojaa. Mwaka uliopita Kwandu alipeleka vikapu viwili vya mtama, vyote alivyokuwa navyo. Mwenye kivuko akachukua kimoja, maana alitoza kikapu kwa kila punda, awe amejaa au amebeba nusu. Chumvi iliyorudi iliacha theluthi ya chungu wazi. Harusi ikaahirishwa. Sasa wakwe wametuma neno: chungu kisipojaa safari hii, kijana ataoa kwingine.

Basi Mhoja, kiongozi wa safari, akawaita watu akasema punda mmoja anaweza vikapu vinne, kwa nini abebe viwili? Wachanganye mizigo, nyumba mbili punda mmoja. Kwandu akauliza mtama wake ataujuaje. Akajibiwa hataujua. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Mnacheka? Ninyi mngeelewa? Kichwa kilimzunguka, lakini angefanya nini? Akamwaga mtama wake juu ya mtama wa jirani, akautazama mpaka akashindwa kuutofautisha.

Wakatembea, wakatembea, siku nne wakatembea. Sasa sikilizeni maajabu: punda watatu wamejaa, na nyuma yao punda watatu hawana kitu. Maana katika kijiji kile, nyumba ambayo punda wake hakwenda safari ilisemwa imeishiwa, na nani anataka kusemwa? Kwandu naye alimkokota wake, mtupu, kichwa juu.

Kivukoni wakatakiwa vikapu sita.

"Lakini tumechanganya," Kwandu akasema.

"Mmechanganya mtama, mama," mwenye kivuko akajibu. "Punda hamjawachanganya. Mimi nahesabu masikio, nagawa kwa mawili."

Wakatazamana. Mhoja akahesabu punda, akarudia akianzia wa nyuma. Sita. Mmoja akasema mizigo igawanywe kama zamani. Mwingine akauliza kama punda akibebwa na watu naye anahesabiwa. Kila mtu alisema lake na hakuna aliyesikia.

Kwandu hakuelewa hata nusu yake. Alielewa jambo moja tu: punda wake hakuwa na kazi ng'ambo. Lakini kumwacha ni kubaki naye, na kubaki naye ni kuuacha mtama uende mikononi mwa watu. Aliogopa, wajukuu zangu.

"Nileteeni hao watupu," akasema. "Nitakaa nao hapa."

"Na mtama wako?" Mhoja akauliza.

"Si uliniambia sitaujua, shemeji? Basi nenda nao."

Vikatolewa vikapu vitatu, wenzake wakavuka. Siku tisa Kwandu alichunga punda ukingoni, asubuhi akijiita mjinga, jioni akijisamehe. Siku ya kumi wakarudi. Mhoja akapima chumvi, akamimina chunguni, akamimina, mpaka chungu kikajaa.

"Hii imetoka kwenye mtama wangu au wa jirani?" Kwandu akauliza.

"Sijui, mama Limi. Hakuna anayejua."

Akaionja. Ilikuwa chumvi. Akaketi chini akalia, na bado hakuwa ameelewa vizuri.

Limi akaolewa. Nanyi mkija kuchanganya mzigo na wenzenu, punda wa fahari mwacheni nyumbani, na mtama ukishamwagwa msiudai punje kwa punje. Mimi kisa nimekitua hapa. Anayekitaka akibebe, ila asije na punda wawili.