Daraja la Mikono Miwili

Kaa hapo, kaa vizuri, weka hiyo simu chini usikilize.

Palikuwa na sultani wa Mzingani, jina lake Badi, mrefu, mikono yake akiiachia inafika magotini. Ng'ambo ya mto, nchi ya Kilulu, palikuwa na sultani mwenzake, Kitete, mfupi, mkono kama wa mtoto wa madrasa. Mzingani wana mahindi, chumvi hawana. Kilulu wana chumvi, mahindi hawana. Wakubwa wakakaa, wakala pilau, wakakubaliana: tujenge daraja, kila mtu na upande wake, tukutane katikati. Nguzo ziwe dhiraa kumi kwenda juu.

Hapo sasa. Dhiraa unaijua, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Na kwa desturi za kule, kiwiko ni cha sultani. Kila upande wakachonga fimbo ya mkono wa bwana wao, wakapima, wakajenga. Siku ya kukutana, kwa Badi kuko juu, kwa Kitete kuko chini, wamepishana kimo cha kiuno cha mtu mzima. Punda wa chumvi wakafika pale katikati, wakatazama juu, wakageuka zao.

Badi kala mboga chapwa mwezi mzima. Siku ya Jumatatu akamwita fundi Pongwa, msimamizi wa pande zote mbili, maskini wa Mungu, shati moja, lakini mdomo pilipili.

"Fundi, Ijumaa nataka daraja liwe sawa. Pima kwa mkono wangu, pande zote. Likibaki na ngazi, kichwa chako nakitundika palepale."

"Sawa, Maulana. Inuka twende."

"Twende wapi?"

"Mtoni. Kipimo si mkono wako? Mafundi arobaini wanausubiri kwenye matope."

"Una wazimu wewe? Si mna fimbo yake?"

"Fimbo yako Kilulu wanaikataa. Wanasema tumeirefusha. Mkono wenyewe hawawezi kuukataa."

"Mimi nisimame matopeni?"

"Siku nne tu. Na usiwe na wasiwasi, mamba wa pale wana adabu, wanaanza na wakubwa."

Mawaziri wakainama wote, wanatafuta vitu sakafuni. Kila mmoja kapoteza kitu ghafla.

"Siendi," Badi akasema. "Sultani hasimami kwenye matope."

"Hapo umenena. Mwili wako una heshima zake, ubaki hapa kitini upepewe." Pongwa akatia mkono kwenye kikapu, akatoa msumeno, akaulaza juu ya zulia. "Mimi nahitaji mkono tu. Tukimaliza nakurudishia."

Hata anayepepea kaacha kupepea.

"Nikikukata kichwa sasa hivi je?"

"Kata. Ukichemshe na mboga ya jioni, huenda kina chumvi kidogo."

Badi akauvuta mkono wake kifuani. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo." Akatoa kipande cha mti, kimenyooka, akakiweka kando ya msumeno. "Hiki nimekikata mwenyewe porini. Si mkono wako, si wa Kitete, si wa mama yangu. Ukubali wewe, akubali yeye, tupime pande zote kwa hiki, na Ijumaa punda wanavuka. Hutaki, basi mkono uje kazini."

"Na Kitete umemwambia hivi hivi?"

"Asubuhi, naye alitaka nipime kwa mkono wake, nikamjibu neno kwa neno. Na msumeno huu huu."

"Akachagua nini?"

"Sijui, Maulana. Nimemwacha anaitazama mikono yake, anajaribu kukumbuka huwa anakula kwa upi."

Badi akatazama mti. Akatazama msumeno. Haya, wewe uliyekaa hapo, kiti ni chako sasa: ungetoa nini?