Mfiwa Aliyeifuata Pole Yake

Wapendwa, leo niruhusuni niwapitishe mlango wa nyumba moja, saa ambayo vyombo vya chakula vimekwisha kuondolewa mezani na familia inajiandaa kusali. Msiulize ni nyumba ya nani. Ingieni taratibu, kaeni, msikilize.

Palikuwa na mzee wa kanisa mmoja, mtu wa kutegemewa. Kengele ya ibada haikupata kumkuta kitandani. Mkutano wa injili ukipangwa, mwenyekiti wa kamati ni yeye. Jukwaa likipungukiwa mbao, yeye huzitafuta. Vipaza sauti vikikoroma, yeye ndiye ajuaye waya upi umelegea. Usharika mzima ulimheshimu, tena kwa haki.

Siku moja, mkutano ukiwa umepamba moto, mkewe alipigiwa simu: mama yake mzazi amefariki, mazishi ni kesho. Mke akamfuata mumewe uwanjani, khanga kichwani, machozi hayajakauka. Mume akamshika mkono.

"Tangulia na watoto, mama. Unaona mwenyewe jinsi watu walivyojaa. Kazi ya Bwana haiachwi njiani."

Mke akatangulia. Mume hakufuata.

Mnajua mazishi yetu yanavyokwenda. Kaburi likishafukiwa, msimamizi huita makundi waje kuweka mashada: watoto, wajukuu, wakwe. Alipoita, "Wakwe!" hakuinuka mtu. Yule mke akasimama peke yake mahali pa mumewe, akalipokea shada lililopasa kushikwa na watu wawili, akainama kaburini huku ukoo wote ukimtazama mgongo. Akaliweka, akarudi mahali pake. Siku ile hakulia tena. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Aliporudi kwake, mumewe alimlaki kwa furaha, akamsimulia habari za waliookoka, na mvua ilivyotishia, na kwaya iliyokuja kutoka mbali. Alimwambia mambo mengi. Neno moja hakulisema. Hakusema, "Pole."

Miezi ikapita. Wala ukweni hakwenda, maana kila alipopanga safari, semina ilimtangulia. Na hapo ndipo ilipoanza ajabu ya nyumba ile. Mume na mke waliacha kusemezana, lakini sala ya jioni hawakuiacha. Wangeiachaje, watu wa kanisa kama wao? Basi yale wasiyoambiana mchana wakawa wanamwambia Mungu jioni, kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili wa meza.

Mke hufumba macho na kusema, "Bwana, wakumbuke wanaokwenda mbali kuwafuata kondoo waliopotea, na wa kwao wakawaacha wazike peke yao."

Zamu ya mume ikifika: "Baba wa mbinguni, ushushe utii katika ndoa zetu. Uzitie lijamu ndimi zinazowahukumu watumishi wako."

"Amina!" mtoto wao mdogo hupachika katikati, akitamani yaishe.

"Bado!" baba humkaripia, jicho moja limefumbuka.

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka nilipoutunga mfano huu. Lakini niambieni, sala ile ilikuwa ikipanda mbinguni, au ilikuwa ikivuka meza tu? Na ni nani kati yetu asiyepata kumfanya Mungu tarishi, ampelekee mwenzake maneno ambayo yeye mwenyewe ameona kiburi kuyatamka?

Jioni moja mke alisali hivi: "Bwana, kesho asubuhi mjakazi wako anarudi kwao. Umlinde njiani. Nguo zake zimo katika mfuko, na mfuko uko nyuma ya mlango."

Watoto wakafumbua macho. Baba yao hakufumbua. Ulimi wake ukashika njia uliyoizoea: "Ee Bwana, umzuie kila atakaye kuibomoa nyumba uliyoijenga."

Mtazameni mtu huyu! Mkewe yuko hatua moja kutoka kwake. Angenyoosha mkono, angemgusa. Naye anamwomba aliye mbinguni ashuke amzuie.

Kabla amina haijasemwa, mlango ukabishwa.

"Hodi humu!"

Sauti ile mke aliijua. Akaruka, akafungua. Alikuwa baba yake, mzee yule aliyefiwa na mkewe: viatu vimejaa vumbi la safari, kofia mkononi, na kitambaa cheusi cha msiba kingali kimebanwa kwa pini kifuani.

"Baba! Shikamoo. Jamani, kuna nini tena nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna jipya. Ni lile lile."

Mume akainuka haraka, akavuta kiti kilicho bora. "Shikamoo, baba. Karibu, karibu sana. Ungetupigia hata simu tukakupokea stendi."

"Marahaba, mkwe wangu. Sitakaa kwanza." Akabaki amesimama. "Mama yenu tulimzika, nikakaa jamvini kupokea pole. Majirani walileta. Waislamu wa ng'ambo ya mto walileta. Hata yule tuliyegombania naye mpaka wa shamba alikuja, tukala naye sahani moja. Nikawa najiambia, ya mkwe wangu iko njiani. Mvua ikanyesha, nikasema barabara zimeharibika. Zikakauka, nikasema labda anaumwa. Mwisho nikasema, miguu ningali ninayo. Nimekuja kuichukua."

Enyi watu wa Mungu, mmepata kuliona hilo? Mfiwa hukaa, watu wakamwendea, ndivyo tulivyolelewa. Nani amesikia mfiwa akifunga safari kuifuata pole kwa yule aliyepaswa kumpelekea?

Na mnadhani mzee wa kanisa alifanya nini? Alifanya alilolizoea. Akashika ukingo wa meza, akaanza kupiga magoti. "Baba, kabla ya yote, tuinamishe vichwa tumwombe Mungu..."

Mkwewe akamdaka kiwiko kabla goti halijagusa chini.

"Hapana, mwanangu. Mungu ameshasikia. Mimi ndiye sijasikia."

Wapendwa, mtu huyu aliweza kuomba mpaka taa ikaishiwa mafuta. Alijua kuwaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi, mataifa. Sasa neno moja, neno ambalo mtoto hujifunza kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, likamshinda kulitamka.

"Pole, baba," akasema hatimaye, na sauti haikuwa ile ya jukwaani. "Nilikosa. Mama alizikwa nami sikuwepo. Pole sana."

Mzee akaketi. "Yangu nimeipata." Kisha akaelekeza kofia kwa bintiye, aliyekuwa angali amesimama karibu na mlango, karibu na mfuko wake. "Na huyu je? Aliyezikwa hakuwa mama yake?"

Mume akageuka. Macho yao yakakutana, yote yakiwa wazi, mahali pale pale walipozoea kukutana yamefumbwa.

"Mama watoto," akaanza, "Bwana anajua jinsi..."

"Bwana mwache kwanza," mkewe akamkata. "Sema na mimi."

"Pole, mke wangu."

"Sema tena."

"Pole."

"Tena."

Mfano wangu naukatia hapo. Naona mmekaa ukingoni mwa mabenchi. Mnataka kujua: je, mfuko ule ulifunguliwa? Asubuhi aliondoka, au alibaki? Sitawaambia. Tazameni mnavyohangaika kwa ajili ya nyumba isiyokuwepo, nanyi nyumba zenu mlizozifunga asubuhi hii kwa ufunguo mmeziacha zikiwa na mfuko nyuma ya mlango, wala usingizi haukuwapungua!

Sisi ndio tuliomkosa Mungu. Sisi ndio tuliopaswa kumwendea. Hatukwenda, tulikuwa na shughuli. Naye hakukaa jamvini kutungoja. Alifunga safari, akaja mpaka mlangoni petu na vumbi miguuni, akabisha. Hiyo ndiyo injili tunayoitangaza kwa vipaza sauti. Ikiwa yeye aliyekosewa alisafiri umbali ule, sisi tuliokosa tunashindwaje kuvuka upana wa meza ya chakula? Bwana wetu alikwisha kutuagiza kwamba sadaka ingoje, ndugu atangulie. Sisi tumepindua: ndugu angoje, sadaka itangulie, tena tuitoe kwa kuimba.

Kwa hiyo leo sitawaita mje mbele kuombewa. Naona wengine mmekwisha kuinamisha vichwa. Inueni. Fumbueni macho. Mtu uliyekuja naye kanisani njia moja bila kusemezana, au uliyemwacha nyumbani bila kumuaga, mume, mke, mama mkwe, wifi, mtoto uliyemzaa, ameketi pembeni yako, au yuko jikoni anakungoja. Kwaya naomba isiimbe. Mpiga kinanda naomba aondoe mikono. Tutanyamaza kidogo, na kimya hiki si cha sala.

Mungu ameshasikia. Mwambie mwenzako.