Nchi Yote Ikaitwa Kibonge

Paukwa!

Pakawa.

Ala! Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba? Sogeeni motoni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, mimi nikishaanza sitaki kukatizwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla baridi haijagawiwa nchi nyingine, baridi yote ya dunia ilikuwa inakaa mahali pamoja, chini kabisa huko kusini, ambako bahari huganda mpaka ukatembea juu yake. Nani kacheka? Unasema mimi sijafika huko? Na wewe hujaingia jikoni kwangu, lakini sufuria yangu unaijua vizuri. Nyamaza basi.

Huko waliishi pengwini, ndege wasioruka, kifua cheupe na mgongo mweusi, kama mabwana harusi waliopotea njia ya kwenda harusini. Na miongoni mwao alikuwako mke mmoja aliyeitwa Mwatima, mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo. Mumewe aliitwa Mbwarali. Huyo maneno yake yalikuwa machache, na hayo machache alikuwa anayarudia.

Sasa sikilizeni mila yao. Kule mke akishataga yai hakai nalo, humkabidhi mumewe. Mume huliweka juu ya miguu yake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo, akasimama. Hali, hatembei, haendi barazani. Amesimama tu na upepo unampiga, msimu wote wa baridi. Mke naye huenda baharini, mbali, ale samaki mpaka ajae, ili kifaranga akitoka yaini amkute mama amerudi na chakula. Mama akichelewa, kifaranga hana kingine.

Na Mwatima alikuwa anajua kuchelewa ni nini. Mwaka uliotangulia alipotea. Alizunguka, akazunguka, akazunguka, na alipofika alimkuta Mbwarali amesimama na miguu mitupu. Mbwarali hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Mwatima kupita kiasi.

Alipoteaje? Alipotea kwa sababu nchi ile haikuwa na majina! Mlima hauna jina, ghuba haina jina, kisiwa hakina jina. Ukiuliza njia unaambiwa, "Nenda pale penye weupe, kata kwenye weupe mwingine, ukiona weupe mbele yako umeshafika." Mtu ataacha kupotea?

Majina yalikosekana kwa ajili ya kikao. Mahali palikuwa hapapati jina mpaka kikao kikae, na kikao kikikaa kila mtu analo lake.

"Jabali lile liitwe kwa jina la babu yangu!"

"Babu yako alifanya nini zaidi ya kula?"

"Na wako je, si alikufa kwa kula?"

Basi hapo mdomo kwa mdomo, bawa kwa bawa, manyoya juu, na kikao kimevunjika.

Sheha wao alikuwa sili mmoja mnene, mnyama wa majini, tumbo limetangulia, pua inaning'inia mpaka kidevuni. Jina lake Kibonge. Mtauliza sili amekuwaje sheha wa ndege. Walimpa usheha kwa sababu alilala mahali pa mkutano na hakupatikana wa kumsogeza.

Mwaka huo Mwatima akataga tena. Akamkabidhi Mbwarali yai, miguu kwa miguu, polepole, roho juu, maana yai likigusa barafu tu limekwisha.

"Mume wangu," akasema, "mwaka huu sipotei. Kila nitakapopita nitapapa jina mwenyewe."

Mbwarali akatazama kushoto, akatazama kulia. "Bila kikao?"

"Bila kikao!"

"Mtumee! Haya, nenda, mke wangu. Mimi nipo."

Mwatima akashika njia. Hajafika mbali, jabali lililojificha chini ya theluji likamkwaza mguu, akaenda puu! kifudifudi.

"Yalaa!"

Akainuka, akajipangusa mdomo, akaligeukia. "Wewe kuanzia leo ni Jabali la Yalaa. Na huyo babu yako simjui."

Akaenda, akaenda, akafika ghubani. Njia ni nyembamba, na katikati ya njia amelala Sheha Kibonge, anakoroma mpaka barafu inatetemeka.

"Sheha, hebu sogea." Anakoroma.

"Sheha wangu, hebu sogea." Anakoroma tu.

"Hebu sogea, we!" Sheha akafungua jicho moja, akalifunga. Mwatima akampanda tumboni, akateremkia upande wa pili. "Na hapa," akasema, "ni Ghuba ya Hebu Sogea."

Akaingia majini, akaogelea, akafika kisiwa kimoja kisicho hata na kijiti. Alipotoka tu ufukweni, upepo ukamnyanyua, ukamzungusha, ukamketisha matako topeni, paa!

"Khaa! Sirudi tena hapa!" Halafu akakumbuka kwamba atarudi, njia ni hiyo hiyo. "Haya, Kisiwa cha Sirudi Tena, tutaonana."

Akaenda zake bahari kuu. Huko akala samaki, akala ngisi, na kila akimeza anakariri, "Yalaa, Hebu Sogea, Sirudi Tena. Yalaa, Hebu Sogea, Sirudi Tena." Samaki wakaanza kuambiana kwamba yule mama wa leo anakula huku akili zake zimeruka.

Tumbo lilipojaa akageuka kurudi. Njiani akakutana na albatrosi, ndege mwenye mabawa marefu asiye na kazi ila kupeleka maneno huku na huku.

"Shoga, huna habari!" akasema albatrosi. "Nchi yenu imepata majina! Sheha Kibonge ameitisha kikao nyinyi mlipokuwa hampo. Kasimama mbele, kasema, 'Nchi yote iitwe Kibonge. Asiyekubali ajongee mbele!'"

"Na akina baba wakajongea?"

"Wajongee vipi, nao kila mmoja ana yai miguuni? Walitikisa vichwa tu. Sheha kasema, 'Naona hakuna. Imepita!'"

"Niambie basi njia ya kwangu."

"Rahisi sana siku hizi! Toka hapa nenda Kibonge. Ukifika Kibonge kata Kibonge, ukishaiacha Kibonge utaiona Kibonge. Mumeo yuko Kibonge."

"Kibonge ipi?"

"Kibonge hiyo hiyo!" Akaruka, akaenda kumwambia mwingine.

Akina mama wengine walikuwa wamekwisha kuelekezwa hivyo, basi wanaogelea kwa duara, huyu anamuuliza yule na yule anamuuliza huyu. Na hapo hapo dhoruba ikashuka. Theluji juu, theluji chini, weupe juu ya weupe. Mwatima hakuona hata ncha ya mdomo wake mwenyewe. Alihesabu yai litakuwa limekwisha kupasuka, mtoto ametoka, na mtoto yule amefungua mdomo.

Wimbi likamtupa mahali asipopajua. Alipoinuka tu, upepo ukamnyanyua, ukamzungusha, ukamketisha matako topeni, paa!

"Khaa! Sirudi tena ha..."

Akashika tope, akalinusa. Kisha akacheka peke yake katikati ya dhoruba. "Sirudi Tena! Ndipo hapa! Enyi akina mama, fuateni sauti yangu!"

Mmoja akasikia, wa pili akasikia, wakajipanga nyuma yake, kila mmoja ameuma mkia wa mwenzake. Wakaogelea, wakaogelea, wakaogelea, mpaka Mwatima akagonga kifua kwenye kitu laini, cha moto, kinachonuka samaki wa juzi.

"Hebu sogea!" akafoka.

Kile kitu kikalia. "Mwanangu, nisaidie. Ni mimi Sheha. Nilitoka kutembelea nchi yangu, sasa nimepotea."

"Umepotea wapi?"

"Kibonge."

"Kibonge gani?"

"Ndiyo nisiyoijua!" Na kumbe amelala pale pale anapolala siku zote.

Mwatima alitaka kumwacha, haki ya Mungu alitaka. Lakini alimwonea huruma, kile kilio kilikuwa cha kweli. "Hapa ni Ghuba ya Hebu Sogea," akasema. "Inuka utufuate, na pua yako usinikoromee mgongoni."

Wakashika njia ya barafuni, wakilitafuta Jabali la Yalaa. Wakaenda, hamna. Wakarudi, hamna. Wakakata huku, hamna. Mara hii Mwatima akasimama. Akaiona miguu mitupu ya Mbwarali ya mwaka uliopita, akalia, na machozi yakamgandia mashavuni.

Sheha naye, mnajua tena, tumbo lake halikujua kwenda kwa mstari. Lilikuwa limemvuta pembeni bila yeye kutaka. Mara wakasikia kishindo, puu! na sauti nene iliyotikisa theluji mpaka mbinguni.

"YALAAAA!"

"Ndilo!" akapiga kelele Mwatima. "Ndilo lenyewe!"

"Ni pua yangu!" akalia Sheha.

"Ndilo, baba, ndilo! Mungu akubariki na pua yako!"

Kutoka pale Mwatima hakuhitaji kuona. Aliteleza kwa tumbo, moja kwa moja, mpaka akasikia sauti za akina baba. Akamkuta Mbwarali amekonda, mifupa inahesabika, amefunikwa na theluji mpaka mabegani. Mwatima aliogopa kutazama chini. Akatazama. Pale miguuni, chini ya ngozi ya tumbo, kikachungulia kichwa cha kijivu, kidogo, mdomo wazi.

Mwatima akamlisha. Akamlisha mpaka mtoto akacheua, na baba yake akacheka.

Jirani mmoja, mzee mwenye maneno mengi mdomoni kila siku, akasema, "Mwatima, mumeo ametuchosha! Tumemwambia, mwenzetu, mkeo mwaka jana alipotea, weka huyo mtoto chini ukajitafutie. Anajibu, 'Atakuja.' Tunamwambia, unakufa wewe. 'Atakuja.' Jana hata sauti hana, namwuliza tu hali yake. 'Atakuja.'"

Mwatima akamtazama Mbwarali. Mbwarali akaona haya, akajifanya anapangusa theluji.

"Basi hapa tuliposimama," akasema Mwatima, "ni Rasi ya Atakuja."

"Naam, ngoja kwanza!" Huyo ni Sheha, amewasili akihema, pua imevimba. "Jina ni jambo la kikao! Na kikao kilishapitisha..."

Akina mama wakatazamana. Mmoja akamchukua mwanawe aliyekwisha kulishwa, akaenda taratibu, akamweka juu ya vimikono vifupi vya Sheha. Kifaranga akajikunja, akalala. Sheha akakauka. Akitikisika tu, mtoto amegusa barafu.

"Kikao kimekaa," akasema Mwatima. "Jabali ni la Yalaa, ghuba ni ya Hebu Sogea, kisiwa ni cha Sirudi Tena, na hapa ni Atakuja. Asiyekubali ajongee mbele!"

Sheha akatikisa kichwa, kidogo kidogo, asimwamshe mtoto.

"Naona hakuna," akasema Mwatima. "Imepita!"

Kibonge wakamwachia bonge moja la barafu liitwe jina lake, kwa kuwa alilia sana. Kiangazi kilipofika likakatika, likaelea kwenda zake, naye amelala juu yake anakoroma. Miaka mingi baadaye wakaja mabaharia na ramani, wakabandika kule majina ya wafalme wao na ya wajomba zao. Pengwini wakawatazama tu. Wao mpaka leo mama akirudi kutoka baharini huanguka panapoangukwa, hulalamika panapolalamikiwa, na baba humngoja Atakuja.

Hadithi yangu nimeifikisha kwao, inaishia hapo. Mnasema mnataka nyingine? Haya, anayetaka nyingine ajongee mbele. Naona kila mmoja wenu ana mdogo wake amemlalia mapajani. Hakuna? Imepita.