Kiboko Aliyeulizwa Anavyopumua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nani?

Wewe ndiye uliyekuwapo, tuambie!

Haya, sogeeni. Aliye na kikohozi akohoe sasa.

Palikuwa na pimbi mmoja, mama wa watoto watatu, akikaa juu ya majabali. Jina lake Mashaka, na jina lilimkaa kweli kweli. Wenzake wakilala, yeye anawaza. Jiwe hili likiporomoka? Tai akishuka? Watoto wakipotea? Wazo lilizaa wazo, na hilo wazo likazaa mapacha, mpaka alfajiri ikamkuta macho makavu.

"Mama Watoto, lala," mumewe humwambia.

"Nilale? Nikilala mimi, nani atawaza?"

Mwaka huo jua likawaka, likawaka, likawaka. Visima vikakauka, vijito vikakauka, likabaki bwawa moja tu chini ya majabali. Na bwawa hilo akaliingia Kiboko. Akajitupa, pwaaa! Maji yakaruka hadi vichakani.

"Bwawa langu!" akanguruma. "Anayetaka kunywa alete mzigo wa majani mabichi."

Swala wakaleta, akala. Ngiri wakaleta, akala. Nyumbu wakaleta, akala. Majani mabichi yakaisha mbuga nzima, tumbo la Kiboko lisijae. Akawa anazama kulala, anaibuka kupumua, anazama tena, khoo-pyuu, khoo-pyuu, na aliyesogea ukingoni mikono mitupu alisikia meno tu: kwacha!

Mto ulikuwapo ng'ambo ya mbuga, mrefu, mpana, lakini mwenye miguu mifupi angeufikia akiwa mzoga. Mtoto mdogo wa Mashaka akaanza kulamba jiwe. Analamba, hapati kitu, analamba tena. Mama akamtazama, kisha akashuka majabali. Tuku tuku tuku, hadi ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Sina, bwana. Nimekuja kukustaajabia tu. Eti huko chini unalala usingizi kabisa?"

"Kabisa!"

"Na pumzi ikikwisha?"

"Napanda juu, napumua, nashuka."

"Ukiwa umelala?"

"Nikiwa nimelala."

"Makubwa! Basi nani anakukumbusha kupanda?"

Kiboko akageuka kutazama nyuma yake.

"Aa, si kitu, bwana. Wewe lala." Mashaka akaenda zake, tuku tuku tuku.

Kiboko akazama, chubwi! Akafumba macho. Nani ananikumbusha? Akafumbua. Akapanda juu, fyuu! Akazama, chubwi! Na nikisahau? Akapanda, fyuu! Siku ile bwawa halikusikia khoo-pyuu hata moja.

Kesho yake Mashaka akarudi. Akamkuta Kiboko macho mekundu kama pilipili.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba," sauti inakwaruza.

"Samahani kukusumbua. Pumzi ni mbili, ya kuvuta na ya kutoa. Wewe huanza na ipi?"

"Huanza na... Kwanza na... Ngoja."

"Aa, si kitu, bwana. Wewe lala."

Basi Kiboko akaanza kazi. Vuta. Toa. Vuta. Toa. Vuta, vuta... la! Akapaliwa, akakohoa, kho kho kho, maji yakamtoka puani. Akiacha kusimamia pumzi, anaogopa itasimama. Akiisimamia, inamponyoka.

Kule juu Mashaka alimtazama, moyo ukamlainika. Aliijua sana hali ile. Ndiyo aliyokuwa akikesha nayo yeye, na huyu kiumbe hajaizoea. Karibu ashuke amwombe radhi. Kisha akasikia nyuma yake mtoto analamba jiwe, na huruma ikamwisha papo hapo.

Siku iliyofuata, hata kabla Mashaka hajatamka shikamoo, Kiboko alitoka majini mzima mzima akamjia. Du! Du! Du! Akamkuta mbele ya jabali, hana pa kukimbilia. Akainua mguu juu yake, mguu mpana kama kinu.

"Wewe kidudu! Wewe ndiye uliyenitia maneno haya kichwani! Yatoe, au nikusage!"

Mashaka akaiona ngozi ya unyayo, ilivyopasuka pasuka, karibu kabisa na pua yake. Akasema, "Dawa yake ni nyepesi, bwana. Usiiwaze pumzi."

"Basi?"

"Basi. Usiiwaze hata kidogo. Maana ukiiwaza, hata mara moja, itazidi."

Kiboko akautua mguu pembeni, taratibu. Akakaza shingo. "Siwazi pumzi," akasema. "Siwazi pumzi. Siwazi pumzi." Na kila akisema, kifua kinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, fuu-haa, fuu-haa, fuu-haa!

"Inazidi! Yallah, inazidi! Nikirudi majini nitazama nife!"

"Pole, bwana. Labda ni bwawa hili, lina kina. Kule mtoni maji ni ya magotini. Hata ukijisahau, pua itabaki nje."

Kiboko hakuaga. Du du du du du! Vumbi likapanda, likaelekea mtoni, likatua. Na mto ule ulikuwa mrefu, tumbo la mtu mmoja haliwezi kuuziba.

Nyumbu wakanywa. Swala wakanywa. Ngiri wakanywa, wakagaagaa matopeni. Mtoto mdogo wa Mashaka akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Wanyama wakampandisha Mashaka juu ya mgongo wa nyumbu, wakalizunguka bwawa naye, vigelegele hoi hoi, hata mumewe akacheza akateguka kiuno.

"Dada Mashaka," ngiri mmoja akamuuliza, "ujanja huu ulijifunzia wapi?"

"Ujanja gani, ndugu yangu? Maswali kama yale hunijia mimi makundi kwa makundi, kila ninapojilaza. Nilimpa mawili tu, tena yale madogo."

Na funzo lake, wapenzi wasikilizaji, ni hili: wasiwasi haujawahi kumfaa mtu yeyote. Anayebisha akamuulize Bi Mashaka, ila asubiri kwanza amalize kunywa. Na nyinyi mkienda kulala, msiwaze kabisa jinsi mnavyopumua.

Hadithi nimeitua, aliye na masikio ajitwike.